Sura ya Tano: Sare za Kombania ya Tisa

Mtunza ghala alikisoma kibali mara ya tatu, akakigeuza upande wa nyuma kana kwamba kulikuwa na mhuri mwingine umejificha huko, kisha akamrudishia Mkaguzi Vethka Dorun.

"Hiki ni cha kuangalia maiti, afande. Humu hamna maiti. Humu mna nguo zao."

"Maiti wamechomwa jana."

"Ndiyo, afande."

"Kwa hiyo nimepewa kibali cha kuangalia watu ambao wameshakuwa majivu."

"Hilo sijui. Mimi nahusika na nguo."

Vethka alikuwa mkaguzi katika ngome ya Harrad kwa miaka kumi na tisa, na bado kila asubuhi kulikuwa na mtu mmoja wa kumpandisha damu kabla hajanywa supu. Leo alikuwa huyu. Alikiweka kibali juu ya meza yake, akatoa kalamu, akafuta neno "maiti", akaandika "nguo", akatia sahihi pembeni.

"Sasa?"

Mtunza ghala aliinama akachungulia. "Sasa sawa," alisema, akavuta funguo.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Jalada la kesi lilikuwa limemfikia saa moja iliyopita, likiwa na karatasi nne tu. Siku tano kabla, Kombania ya Tisa ilishuka Bonde la Selk ikiwa na watu arobaini na wawili, wakiwa na sare mpya na bunduki mpya. Wakeresh, adui waliokuwa wakipigana nao, waliwaua arobaini na mmoja kwa muda usiozidi robo saa. Aliyebaki, Jorrel Asht, askari wa taa ya ishara, alikutwa amelala kwenye majivu ya volkano yaliyofunika bonde, akiwa mzima, risasi zake zote zimo, na taa yake kifuani. Kanali Brannoc Vey, mwendesha mashtaka wa ngome, alikuwa amekwisha kumhukumu: msaliti aliyemwashia adui taa. Angepigwa risasi saa kumi jioni. Sheria ilitaka mkaguzi atie sahihi kwanza, na hakuna aliyetarajia kwamba mkaguzi angefanya zaidi ya kutia sahihi.

Makoti yalikuwa yamerundikwa kama mapazia ya kufua. Vethka aliyatandaza sakafuni, moja moja, huku mtunza ghala akimfuata nyuma akilalamika kuwa atavuruga namba. Kitambaa kilikuwa kizuri, hilo lilibidi akubali. Mabaka yake ya kijivu yalikuwa yamechorwa kwa ustadi kiasi kwamba koti likiwa juu ya sakafu ya zege ilibidi ulitafute kwa mguu.

Alichuchumaa. Akahesabu. Akarudia kuhesabu.

"Njoo hapa," alimwita mtunza ghala. "Tundu la risasi liko wapi?"

"Begani, afande."

"Na hili?"

"Begani."

"Na hili?"

Kati ya makoti arobaini na moja, matano yalikuwa yameraruliwa na bomu. Thelathini na sita yaliyobaki yalikuwa na tundu mahali pamoja: kulia, kati ya bega na kwapa, chini kidogo ya mtulinga. Ungeweza kuyafunika matundu yote kwa sahani moja.

Wazo lake la kwanza lilikuwa beji. Beji ya kombania ilikuwa ya chuma, na chuma hung'aa. Alitafuta. Beji ilishonwa kushoto, tena ilikuwa imepakwa rangi nyeusi. Wazo la pili, kwamba mtu aliwapiga kutoka nyuma kwa ukaribu, lilidumu mpaka alipogeuza makoti: risasi zote ziliingilia mbele. Taa ya Jorrel ingeweza kumwonyesha adui kombania ilipo. Isingeweza kumwonyesha bega la kila mtu.

"Hili nalichukua," alisema, akibeba koti moja lisilo na damu nyingi.

"Haliwezi kutoka bila fomu ya..."

"Andika kwamba limetembea lenyewe."

* * *

Jorrel Asht alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono isiyojua ikae wapi. Aliposikia mlango wa seli alisimama haraka, na uso wake ukapauka.

"Bado saa kumi," Vethka alimwambia. "Kaa. Mimi ni Mkaguzi Dorun. Uliwasha taa?"

"Hapana, afande. Amri ilikuwa nisiwashe mpaka niambiwe. Wa kuniambia alikufa."

"Kwa nini hukupiga risasi hata moja?"

Alitazama miguu yake. "Niliogopa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Walianza kupiga wote kwa pamoja, mimi kidole hakikutii. Nikalaza uso kwenye majivu. Nilipoinua macho nikawaona wameota mabaka meupe."

Vethka aliyekuwa akiandika aliacha kalamu. "Rudia."

"Hapa begani, afande. Sajini Brask alikuwa mbele yangu. Kabla hajaanza kupiga nilikuwa simwoni vizuri, na alikuwa hatua nne tu kutoka nilipolala. Alipopiga ya tano au ya sita, bega likawa jeupe kama chokaa. Kisha wa pembeni yake. Kisha wote. Nikadhani ni macho yangu, kwa woga."

"Mbona hili halimo kwenye maelezo yako?"

"Niliwaambia. Yule karani akasema fomu ina mahali pa 'ndiyo' na mahali pa 'hapana', mabaka meupe hayana mahali."

Vethka alifumba macho akahesabu mpaka tano. Daktari wa ngome ndiye aliyemshauri afanye hivyo, kwa ajili ya presha.

"Na baadaye yakawaje? Yale meupe?"

"Yalififia, afande. Walipokwisha kufa, yakafifia."

* * *

Nyumba ya Kitambaa ilikuwa ghorofa la tatu, Nyumba ya Silaha ghorofa la nne, na ngazi kati yao ilikuwa imejengewa ukuta. Wabunifu wa nguo hawakuruhusiwa kuona michoro ya bunduki, wala wa bunduki kuona michoro ya nguo, ili jasusi mmoja asije akaiba vyote. Amri hiyo ilikuwa na umri wa miaka thelathini. Jasusi aliyeisababisha alikwisha kufa kwa uzee.

Mbunifu Mkuu Ulmar Teshin alimpokea Vethka akiwa amesimama, glavu nyeupe mkononi, na hakumkaribisha kiti.

"Kitambaa Namba Kumi na Nne," alisema, akimtandazia kipande, "ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizofanyika nyumba hii. Weka kiganja chako hapo. Mh? Sasa ondoa."

Alama ya kiganja ilibaki kwenye kitambaa, yenye rangi ya kutu, kisha ikarudi kijivu taratibu.

"Kinabadilika kwa joto," Vethka alisema.

"Kinasoma joto la ardhi! Majivu baridi, kinakuwa kijivu. Mteremko wenye moto chini, kinakuwa cha kutu kama udongo wake. Askari hahitaji sare mbili."

"Na joto likizidi hapo?"

"Haliwezi kuzidi. Hakuna ardhi katika nchi yetu ya Orvesh inayokanyagika yenye joto kuliko hilo."

"Sikuuliza ardhi, Mbunifu. Nimeuliza joto likizidi kitambaa kinakuwaje."

"Mama Mkaguzi," Teshin alisema kwa upole wa mtu anayemwelekeza kichaa njia, "unaniuliza habari ya kitu kisichokuwepo."

"Mlikijaribu askari akiwa anapiga bunduki?"

"Bunduki ni kazi ya ghorofa la nne."

"Nimesema, mlijaribu?"

"Nami nimesema, bunduki ni kazi ya ghorofa la nne. Kuna jingine?"

Vethka alishuka hadi uani, akazunguka jengo zima, akapanda ngazi za upande wa pili, kwa sababu ukuta ulikuwa ukuta. Goti lake la kushoto lilimtukana njia nzima. Ilikuwa saa saba.

* * *

Kwenye uwanja wa shabaha wa Nyumba ya Silaha alikutana na Lurd Pell, mjaribu bunduki, mwanamke mnene wa miaka sitini mwenye sikio moja lisilosikia. Alikuwa akila mkate wa uyoga na kusafisha mtutu kwa wakati mmoja. Begani kwake kulia alivaa aproni ya ngozi nene iliyoungua ikawa nyeusi.

"Hiyo ngozi ni ya nini?" Vethka aliuliza.

"Ya kuzuia kuungua. Umekuja kuhusu barua yangu?"

"Barua gani?"

Pell aliacha kutafuna. "Basi hukuja kuhusu barua. Haya, uliza lako."

Vethka alimwonyesha koti na tundu lake. Pell aliligusa kwa kidole, akalinusa, akaliweka chini polepole.

"Vaa," alisema. "Mwenyewe. Mimi nikikwambia utafikiri ni maneno ya mzee."

Alimpa bunduki ya Aina ya Saba. Ilikuwa nyepesi kupita zote ambazo Vethka aliwahi kushika, na karibu na chemba, pale risasi inapolipukia, upande wa kulia, ilikuwa na safu ya matundu madogo kama ya filimbi.

"Zile za zamani mtutu ulikuwa unachemka, mkono wa kushoto unaungua," Pell alieleza. "Wakubwa wakasema moto utolewe. Wakautoboa mtutu ubavuni, moto ukapelekwa nyuma kulia. Sasa mkono wa kushoto uko salama, wanapongezana. Lala hapo. Tazama kile kibao cha chuma mbele, utajiona kama kwenye kioo. Piga."

Vethka alilala juu ya mkeka, akapiga. Pumzi ya moto ilimpita shavuni. Ya pili. Ya tatu, na begani kukawa na rangi ya kutu. Ya nne. Kwenye ya sita, ndani ya kile chuma, mwanamke wa kijivu aliyekaribia kupotelea kwenye zege alikuwa na duara jeupe begani, jeupe pe, lenye ukubwa wa sahani.

Aliendelea kulitazama. Pell alihesabu kwa sauti. Alipofika mia moja na kumi, duara lilikuwa limekwisha, na koti lilikuwa zuri kama mwanzo.

"Ndiyo maana maiti hawakuonyesha kitu," Vethka alisema.

"Na sisi hapa tusingeona, maana tunavaa ngozi. Ila mwezi uliopita nilitaka kuona hilo koti jipya lina raha gani, nikalivaa bila aproni. Nikaandika barua kwenda ghorofa la tatu. Jioni ileile."

"Wakajibu nini?"

"Ungekuwa unalijua ghorofa la tatu usingeniuliza hivyo."

Vethka aliinuka. "Chukua bunduki yako, dada. Tunakwenda kuuliza."

"Mimi siruhusiwi kukanyaga kule."

"Leo uko chini ya ulinzi wangu. Umekamatwa. Tembea."

* * *

Barua ilikuwepo. Haikuwa imepotea wala kuchomwa wala kufichwa. Ilikuwa kwenye kisanduku cha mbao mlangoni kwa Teshin, pamoja na nyingine zaidi ya mia, zote kwenye bahasha za kijani za Nyumba ya Silaha, zote zimefungwa.

"Za kijani hatufungui," Teshin alisema. "Amri ndivyo inavyosema. Zinangoja kurudishwa."

"Zinangoja tangu lini?"

"Mjumbe wa kuzirudisha alihamishwa. Tuliomba mwingine."

Pell alikuwa amekwisha kuichomoa yake, akampa Vethka. Tarehe ya mhuri ilikuwa siku ishirini na mbili kabla ya Bonde la Selk. Vethka aliichana na kuisoma kwa sauti, kwa kuwa hakujiamini kuisoma kimya bila kumrushia mtu kitu.

"'Kwa Mbunifu Mkuu. Koti lenu jipya likipatwa na moto wa bunduki yetu mpya linakuwa jeupe bega la kulia baada ya risasi sita. Askari ataonekana kutoka mbali. Tafadhali msiligawe kabla hatujaongea. L. Pell, mjaribu.'"

Wachoraji watano waliokuwa kwenye meza zao waliinua vichwa, wakaviinamisha tena.

Teshin alivua glavu moja. "Jeupe la namna gani?" aliuliza. "La chokaa au la maziwa?"

"Nini?"

"Kama ni la chokaa basi ni dawa ya pili ya rangi imeungua, na hilo linaweza..." Alikatisha. Alionekana kusikia sauti yake mwenyewe. Alitafuta kiti kwa mkono, bila kugeuka, akakikosa, akakaa sakafuni na glavu yake moja. "Wamekufa wangapi?"

"Arobaini na mmoja," Pell alimwambia. "Na wewe, mzee mzima, uliogopa bahasha."

* * *

Kanali Brannoc Vey alisikiliza yote bila kumkatiza, na hilo lilimtia Vethka wasiwasi kuliko kufokewa. Kanali alikuwa mtu nadhifu, meza yake haikuwa na hata chembe ya vumbi katika ngome ambayo majivu yaliingia mpaka kwenye mikate. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika ishirini.

"Kazi nzuri," alisema mwishoni. "Kijana si msaliti."

"Hapana, afande."

"Basi nitamwachia. Natia sahihi sasa hivi, unaona?" Alitia sahihi kweli. Lakini kiganja chake kilibaki juu ya karatasi. "Na wewe utaniachia hiyo ripoti. Sare elfu thelathini zimeshagawiwa, Mkaguzi, kombania saba ziko mstari wa mbele nazo sasa hivi. Tukitangaza, adui atajua pa kulenga na askari watavunjika moyo. Nyumba zote mbili zitakutana, kwa utaratibu. Kamati."

"Kamati itakaa lini?"

"Mwezi ujao. Kuna suala la nani aje ghorofa la nani."

Vethka alihesabu mpaka tano. Haikutosha. Akaendelea mpaka kumi na mbili.

"Afande," alisema, "adui alilenga mabega thelathini na sita kwa robo saa. Unadhani ni kitu gani ambacho bado hajakijua?"

"Unachukua hati au huchukui?"

Vethka aliweka ripoti mezani. Ilikuwa ripoti halisi, yenye michoro na barua ya Pell juu. Kanali aliifungia sandukuni, akanyanyua kiganja. Vethka alichukua hati, akapiga saluti, akatoka mwendo wa kawaida mpaka kona ya kwanza. Baada ya kona alikimbia, goti au si goti.

Kwa askari wa zamu wa gereza alitoa hati, akadai nakala yenye mhuri, na alisimama palepale mpaka seli ilipofunguliwa. Jorrel alitoka akiwa ameshika suruali kwa mkono, maana walikuwa wamemnyang'anya mkanda.

"Na woga wangu, afande?" aliuliza. "Hautaandikwa?"

"Fomu haina mahali pake. Nenda kale."

* * *

Chumba cha redio kilikuwa na Sajini Merrow peke yake, mwanamke mkimya mwenye shingo iliyokaza, na spika saba ukutani, moja kwa kila kombania.

"Tahadhari ya kifaa kibovu," Vethka alimwambia, akihema. "Kwa kombania zote. Mawimbi ya wazi."

"Ya wazi Wakeresh watasikia, afande."

"Wakeresh wameshajua. Wasiojua ni watu wetu. Kwa mafumbo itachukua muda gani?"

"Kuandika kwa mafumbo na wao kuyafumbua, kwa kombania saba? Kesho asubuhi." Merrow alinyoosha mkono. "Tahadhari inataka sahihi ya Kanali."

Vethka alimpa nakala. Merrow aliisoma. Ilikuwa hati ya kumwachia mfungwa Jorrel Asht, na ilisema hivyo kwa herufi kubwa juu kabisa. Aliisoma mpaka chini, bila haraka, midomo ikichezacheza.

"Sahihi ya Kanali ipo," alisema, akaitundika msumarini pamoja na nyingine. Akawasha swichi zote saba.

Vethka alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Kombania zote. Huyu ni Mkaguzi Dorun, Harrad. Sare mpya ikipigwa na moto wa Aina ya Saba inakuwa nyeupe bega la kulia. Adui analenga hapo. Kateni mkono wa kulia wa koti na bega lake, mtupe. Funikeni kwa gunia, kwa blanketi, kwa chochote. Msipige risasi kabla hamjakata. Jibuni kwa namba."

Ya Kwanza ilijibu mara moja, ikauliza anayeongea ni nani hasa, ikaambiwa, ikasema imeelewa. Ya Pili ikamtukana aliyebuni, tusi refu lililomfanya Merrow atazame dari. Ya Nne, ya Tano. Ya Tatu ilisikika kwa shida, nyuma yake kulikuwa na mlio wa vitambaa kuraruliwa. Ya Sita ikasema asante.

Ya Saba haikujibu.

Aliita tena. Aliita mara nne, na katikati ya mara ya tano kengele ya simu ya ndani ikaanza kulia mezani. Merrow aliitazama namba yake.

"Ni Kanali," alisema.

"Iache." Vethka alibonyeza tena. "Kombania ya Saba. Ya Saba, jibuni. Harrad anaita."

Spika ya mwisho ilikoroma. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, imechoka, haina haraka.

"Ya Saba hapa. Tumekusikia tangu mwanzo, afande, redio yetu ndiyo ilikuwa inasumbua kutoa. Lile la bega tulishaligundua wenyewe. Jana asubuhi. Tuliobaki tumekwisha kukata."

"Mmebaki wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Simu ya mezani ilinyamaza. Mbali, upande wa ngazi, viatu vya watu kadhaa vilianza kusikika vikija.

Vethka alivuta kiti, akakaa, akavuta daftari la Merrow karibu na kulifungua ukurasa mweupe.

"Nitajie majina," alisema.

"Ya tuliobaki?"

"Ya waliokufa. Nenda taratibu, naandika."

Merrow aliinuka, akaenda mlangoni, akateremsha komeo la chuma. Kisha akarudi akasimama nyuma ya kiti, na ile sauti ya mbali ikaanza kutaja.